Portia alirudi nyumbani, Jessica je?

Kuna swali moja ambalo sisi walimu wa fasihi tumelizoea mno hata hatulisikii tena: "Eleza jinsi mbinu ya kujigeuza ilivyotumiwa katika tamthilia hii." Mwanafunzi hulijibu kwa kuorodhesha. Fulani alijivika mavazi ya kiume, fulani naye vivyo hivyo, fulani akalificha jina lake. Alama moja, alama moja, alama moja. Kisha huja sentensi ya kufungia, kwamba mwandishi anatufunza kuwa uongo ni mbaya, au, kwa yule aliyependezwa na mchezo, kwamba mapenzi hushinda yote. Mwalimu hutia alama ya vyema, karatasi hurudi kwa mwenyewe, na tamthilia nzima huwa imekwisha kuzikwa bila matanga.

Leo nataka kulibishia swali hilo, na nitaitumia Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969, alipokuwa angali Rais wa Tanzania. Si kitabu teule cha mtihani katika miaka hii, na huku Ganze nakala yake ni ya kuazimana kama jembe. Hata hivyo huisoma na wanafunzi wangu kila nipatapo nafasi, kwa sababu katika futuhi za enzi ile ya Ulaya zilizotufikia kwa Kiswahili, sijaona nyingine inayokutanisha kwa ukali namna hii mambo matatu: kujigeuza, kudanganya na kupenda.

Hata jina lake limevaa nguo mbili. Kwa Kiingereza anatajwa mfanyabiashara mmoja tu, Antonio. Nyerere akawafanya wengi, akawaita mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967, na wasomaji wakaiona siasa waziwazi. Lakini neno bepari lilifika pwani yetu midomoni mwa Wahindi wa Gujarati, na kwao lilikuwa na maana ya mchuuzi, mtu wa biashara, basi. Anayelisoma jina hilo leo akasikia laana peke yake hajasikia nusu nyingine.

Kwa wasioisoma, kisa ni hiki. Bassanio, kijana wa Venisi aliyefuja mali yake, ataka kumposa Portia, binti tajiri wa Belmont. Rafikiye Antonio amkopea dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, kwa miezi mitatu. Na hati yasema kwamba deni lisipolipwa kwa wakati, Shylock atakata ratili moja ya nyama mwilini mwa Antonio. Portia naye hana ruhusa ya kujichagulia mume. Marehemu babaye ameacha masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na atakayelichagua lenye picha yake ndiye atakayemwoa. Bassanio achagua la risasi na kumpata. Habari zaja kwamba jahazi za Antonio zimezama, deni limepitwa na wakati, na kisu kinanolewa. Ndipo Portia anapojivika joho la kiume, aenda mahakamani na kumwokoa kwa hoja moja: hati imetaja nyama, haikutaja damu. Na kabla ya yote hayo, usiku mmoja, Jessica, binti pekee wa Shylock, alikuwa amekwisha kutoroka na Lorenzo, Mkristo, akiwa amevaa kama mvulana.

Niseme neno juu ya lugha yetu kabla sijaendelea, maana hapa pana utamu ambao Mwingereza hana. Yeye hawezi kumtaja mtu asiyekuwapo bila kuamua kwanza kama ni mume au mke. Kiwakilishi chake chamlazimisha. Kwa hiyo kila mara watu wa Venisi wamtajapo yule mwanasheria kijana kwa kiwakilishi cha kiume, hadhira ya Kiingereza hutekenywa: tazameni walivyodanganyika! Kiswahili hakina mzigo huo. Kiambishi a- cha "alisema" na "aliamua" ni cha wote, na neno hakimu halina jinsia. Portia akiingia mahakamani kwa Kiswahili, sarufi yenyewe yamfichia siri. Kinachobaki kumfichua ni jinsi anavyoamkiwa, bwana badala ya bibi, na jinsi anavyopiga hatua. Ndiyo sababu nawaambia wanafunzi wanaoigiza wasingoje maneno yawavishe; kazi ni ya mabega, ya shingo na ya sauti. (Jukwaani London tamthilia hii ilipokuwa mpya, mwishoni mwa karne ya 16, wanawake hawakuruhusiwa kuigiza, wala hawakuruhusiwa hadi mwaka 1660. Portia alikuwa mvulana aliyejifanya mwanamke aliyejifanya mwanamume. Katika shule zetu za wasichana mambo hugeuka: Bassanio mwenyewe ni binti aliyefunga tai ya kaka yake.)

Sasa hoja yangu. Katika tamthilia hii wanawake watatu wanavaa nguo za kiume. Nerissa tumwache, kwa kuwa yeye humfuata bibi yake kila aendako. Wanaobaki ni Portia na Jessica, na wanafunzi huwaweka katika mstari mmoja kana kwamba wamefanya jambo moja. Sivyo. Portia alivaa nguo ya kurudi. Jessica alivaa nguo ya kutorudi.

Mtazameni Portia anavyojiandaa. Ana binamu huko Padua, Bellario, bingwa wa sheria, naye ampelekea mtumishi alete majoho na waraka wa kumtambulisha. Ana fedha. Ana gari linalomngoja langoni. Funguo za nyumba amkabidhi Lorenzo, na kwa watu wake atoa udhuru wa heshima kabisa, kwamba yeye na Nerissa waenda kwenye nyumba ya watawa kusali hadi waume zao warudi. Kisha acheka. Amweleza Nerissa jinsi atakavyoiga majigambo ya vijana, atembee kwa hatua ndefu na kusimulia uongo juu ya wanawake waliokufa kwa kumpenda. Ni mtu aendaye mchezoni. Na kweli, mahakamani anasema lile ambalo wanaume wote waliokuwamo wameshindwa kulisema, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angemsikiliza kama angeingia na gauni lake. Hapo nakubaliana na wanaomsifu: kuna ukweli ambao hauna budi kukopa kanzu ya mwingine ili upate kusikika. Lakini akimaliza, alivua joho, akafika Belmont kabla ya mumewe, na nyumba ilikuwa palepale, taa ikimwakia ukumbini.

(Wala simfanyi malaika. Mwana wa mfalme wa Moroko alipokuja kuposa na kukosea sanduku, Portia aliomba, mara mgeni alipotoka, kwamba wote wenye rangi ile wachague vivyo hivyo. Mwanafunzi wa Ganze akifika mahali hapo asiambiwe aruke ukurasa.)

Jessica hana Bellario. Hana gari wala udhuru wa sala. Alicho nacho ni barua iliyopelekwa kwa siri na mtumishi, nguo za mtumishi wa kiume wa kushika mwenge, na usiku. Akiwa dirishani ataja haya anayoiona kwa mavazi yale, na ashukuru kuwa giza limemsitiri asionekane. Linganisheni haya hiyo na kicheko cha Portia. Vazi ni lile lile, suruali ni ile ile. Lakini mmoja acheka na mwingine aona haya, kwa kuwa mmoja ajua atalivua wapi.

Na usiku wenyewe ni usiku wa aina gani? Ni usiku wa ngoma. Vijana wa Venisi wamejifunika nyuso kwa vinyago na wapita barabarani na ngoma na filimbi. Shylock, aliyealikwa karamuni, amwachia binti yake funguo na kumwonya afunge milango, asichungulie dirishani asikiapo ngoma, asiiruhusu sauti ya upuuzi kuingia katika nyumba yake. Nilipolifafanua onyo hilo darasani, wanafunzi walicheka kwa sauti kubwa, kwani kila mmoja alikuwa amekwisha kulisikia nyumbani kwao, wengine wiki iyo hiyo.

Huku kwetu nyuma ya Kilifi, kuanzia Vitengeni hadi Bamba, msiba ukitokea watu hukesha. Usiku wa mahanga ulikuwa na ngoma zake na adabu zake. Kifudu ni ngoma ya wafu, na historia yakumbuka kuwa mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliitumia ngoma hiyo hiyo kuwavuta watu, wakakusanyika, kisha akawahutubia juu ya utawala wa Waingereza. Naam, hata yeye alilivika jambo moja nguo ya jambo jingine. Baadaye zikaja jenereta na spika, ikazaliwa disko matanga, ambayo wakuu wa Kilifi wameipiga marufuku mara kadhaa nayo ikazidi kuchipuka penginepo. Binti hutoka nyumbani amejitanda leso, aenda kuwapa pole wafiwa. Chini ya leso amevaa vazi jingine. Huko amngojea kijana wa pikipiki aliyemwambia kuwa ana kazi Mtwapa na chumba cha kupanga. Pengine kazi ipo. Pengine pikipiki yenyewe si yake. Hapo basi wamejigeuza wote wawili, na kila mmoja amemdanganya mwingine kwa mapenzi.

Swali la mtihani lingewapa alama mbili, moja kwa leso na moja kwa pikipiki. Mimi nauliza: nani kati yao aweza kurudi kesho asubuhi akavua? Kijana huwasha pikipiki. Binti, akirudi na mimba, kanuni za serikali zamruhusu kurejea darasani baada ya kujifungua, na mimi nimewapokea waliorejea; lakini lango la shule ni moja tu kati ya malango mawili. Lango la pili ni la baba. Shylock, alipoambiwa kuwa habari za Jessica zimesikika lakini yeye mwenyewe hakupatikana, alisema ni heri angekuwa maiti miguuni pake, vito vikiwa masikioni mwake. Ni maneno ya mtu aliyeumia, na mbele kidogo tutayaona maumivu yenyewe. Lakini ni maneno yanayofunga mlango kwa komeo.

Tamthilia ina pete mbili za kulinganishwa, na katika pete hizo Shakespeare ameyaweka yote haya bila kuyahubiri. Pete ya kwanza Portia alimpa Bassanio, akamwapisha asiivue kamwe. Baada ya kesi, yule mwanasheria kijana akataa malipo yoyote ila pete hiyo, na Bassanio, baada ya kusitasita, akampelekea. Belmont mke amdai mume pete. Mume aapa kuwa hakumpa mwanamke. Mke asema atalala na yule aliye nayo. Na wasikilizaji wavunjika mbavu, kwani wajua kuwa pete imo kidoleni mwa mwenyewe. Uongo huo ni wa mapenzi kweli kweli, mtihani wa mtu aliyekwisha kusamehe. Pete ya pili ni ya Shylock. Alipewa na marehemu mkewe, Leah, kabla hawajaoana. Jessica aliichukua pamoja na dukati na vito usiku ule, na habari ikamfikia baba kwamba ameibadilisha kwa nyani. Nyani mmoja! Shylock asema asingeitoa pete ile kwa nyika nzima ya nyani, na ni mara moja tu katika tamthilia yote anapolitaja jina la mkewe. Pete ya Portia ilikwenda ikarudi. Pete ya Leah haikurudi, wala hakuna anayeiulizia katika onyesho la mwisho.

Asije mtu akaniambia kuwa Jessica ni jambo la Ulaya na la kale. Zanzibar ilikuwa na wake. Mwaka 1859 Barghash, mwana wa Sayyid Said, aliasi dhidi ya ndugu yake Majid aliyekuwa Sultani, na nyumba yake ikazingirwa na askari. Dada zake wawili, Khole na Salme, waliwashawishi walinzi wakaruhusiwa kuingia kumwona, wakatoka naye akiwa amefunikwa gubigubi kwa nguo za kike, macho tu yakionekana, katikati ya wanawake. Salme wakati huo alikuwa na umri wa miaka kama 15. Uasi ulishindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, lakini baadaye alirudi, na mwaka 1870 akakalia kiti cha usultani. Nguo ya kike ilikuwa kwake nguo ya kurudi.

Salme naye akampenda jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akashika mimba. Mwezi wa Agosti 1866, wakati wa sherehe za Mwaka Kogwa, watu waliposhuka pwani kuoga baharini, alijichanganya katika shamrashamra hizo, akaingia mashuani, na manowari ya Kiingereza ikamchukua hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa akaitwa Emily, na siku iyo hiyo akaolewa. Ngoma, usiku, mpenzi wa dini nyingine, jina jipya: ni Jessica mtupu, isipokuwa huyu aliishi kweli, na maisha hayakukoma kwenye harusi kama yakomavyo katika futuhi. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 Salme alirudi Zanzibar. Sultani alikuwa Barghash, yule yule aliyemtoa nyumbani akiwa amemfunika kwa nguo za wanawake. Barghash akakataa kumpokea. Salme aliyaandika mwenyewe maisha yake, kitabu kikatoka Ujerumani mwaka 1886, na hapo ndipo tunapokipata kile ambacho Shakespeare hakutuandikia: sauti ya Jessica baada ya pazia kufungwa.

Nawasihi walimu wenzangu tusiwaulize tena wanafunzi watuorodheshee nani alivaa nini. Tuwaulize: aliyevaa alikuwa ameacha nini nyuma, nani alikuwa ameshika funguo za nyumba aliyotoka, na nani alilipa? Tukiuliza hivyo, watatuambia mambo ambayo hayamo katika vitabu vya mwongozo. Mwanafunzi mmoja aliniandikia kuwa aliyelipia raha yote ya Belmont ni Shylock, aliyenyang'anywa mali na kulazimishwa kuiacha dini yake, na kwamba nusu ya mali hiyo ilitengewa binti na mkwe waliomkimbia. Sikumtia alama ya kosa, ingawa mwongozo ungemtia. Mwingine alishikilia kuwa Jessica hakuwa na njia nyingine, kwa kuwa katika nyumba ile hakukuwa na mtu wa kuongea naye. Jessica mwenyewe aliiita jehanamu. Wawili hao walibishana hadi kengele ikalia, wakaendelea njiani.

Na yafaa tuwaonyeshe jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Katika tendo la mwisho, Lorenzo na Jessica wamekaa nje Belmont, mbalamwezi imewaka, nao washindana kutaja wapendanao wa hadithi za kale. Ni maneno mazuri ajabu, lakini hesabuni wanaotajwa: Thisbe, Dido, Medea, hakuna hata mmoja ambaye mapenzi yake yaliishia pema. Kisha wapigaji muziki waja. Jessica asema kwamba muziki mtamu haumfurahishi kamwe. Baada ya hapo hasemi tena neno lolote. Portia arudi, pete zatolewa, kila mtu ashangaa, jahazi za Antonio zapatikana, utani wa vitandani wafuata. Na Jessica, aliye pale muda wote huo, amenyamaza.

Tulipofika mahali hapo katika mazoezi, msichana aliyeshika nafasi ya Jessica alitaka kujua asimame wapi, maana kitabu hakimwambii. Wengine walitaka akae miguuni pa Lorenzo. Wengine walimtaka acheke na wenziwe, wakisema furaha ya wengi isiharibiwe na mmoja. Yeye alichagua ukingo, upande wa njia ya kutokea, akiwa ameshika ile kofia ya kivulana aliyotoka nayo kwa babaye. Nerissa akampa Lorenzo hati ya urithi, Lorenzo akashukuru kwa niaba ya wote wawili, na watu wakaanza kuingia ndani. Msichana akabaki nyuma hatua tatu, akiigeuzageuza kofia mikononi. Tulikuwa tukiigiza mchana, chini ya mwembe, kwa hiyo hapakuwa na taa ya kuzima. Ikatubidi kungoja hadi alipoamua mwenyewe kuingia.